Mastaa Wawili wa Kike, Seti Moja: Jinsi ya Kuiendesha Bila Bifu

Kuna simu utapigiwa, mdogo wangu, kama kweli umeamua kuishi kwa kazi ya usaidizi wa muongozaji hapa Dar. Prodyuza atakuwa anacheka. Atakwambia amewapata wote wawili, yule na yule, wamekubali kuigiza filamu moja, na nyumba ya Mbezi Beach imeshalipiwa. Mpongeze, halafu kabla hajakata simu muulize: jina la nani linatangulia, nani analipwa kiasi gani, na kila mmoja ameambiwa nini kuhusu mwenzake. Akipata kigugumizi kwenye swali la tatu, ujue kazi yako imeshaanza.

Mimi nilianzia kwenye mavazi, nikashika kontiniuti, yaani kuhakikisha picha moja inaendana na inayofuata, sasa ni msaidizi wa kwanza. Kote huko nimekaa karibu na waigizaji wa kike kuliko watu wengi wa seti, maana wa mavazi ndiye anayewafunga zipu na wa kontiniuti ndiye anayewatazama mpaka vidole. Watu hupenda kusema mafahali wawili hawakai zizi moja, na wakiwa wanawake husemwa kwa raha zaidi. Sikubaliani nao. Bifu karibu zote nilizoziona zilikuwa na mtu wa tatu nyuma yake, mwenye kitu cha kugawa: nafasi, pesa, taa, jina. Nilipoanza kusoma habari za Hollywood ilipokuwa changa nikamkuta mtu huyohuyo, zaidi ya miaka 100 iliyopita. Kwa hiyo nitakuelekeza kazi hii kwa kupitia kwao, kwa sababu makosa yao yameandikwa na yetu bado yanafichwa.

Anza na anayegawa

Mchukue D. W. Griffith, muongozaji mkuu wa kampuni ya filamu ya Biograph. Mwaka 1912 alitaka kupiga filamu fupi ya watu wa kale, Man's Genesis, na mwigizaji wa kike alitakiwa avae sketi ya majani na kuacha miguu wazi. Mary Pickford, ambaye watazamaji walikuwa wameshampenda, akakataa. Wenzake nao wakakataa. Griffith akampa nafasi hiyo binti mgeni kwenye kampuni, Mae Marsh. Kisha akatangaza mbele ya kundi zima kwamba kwa kuwa Mae amekubali, ndiye atakayepewa pia nafasi kuu ya The Sands of Dee, nafasi ambayo kila mmoja wao alikuwa anaililia. Pickford alikuwa jukwaani tangu utotoni, akiilisha familia yake kwa kazi hiyo. Sasa anaona nafasi inatolewa kama tuzo ya utii. Ulipoanza mwaka 1913 alikuwa ameshaiacha Biograph na kurudi kwenye tamthilia za New York.

Mae hakumkosea Mary chochote. Alikubali kazi, kama wewe au mimi tungekubali. Lakini tangu siku ile wasichana wa kampuni ile walijua kwamba mwenzako akisema hapana, wewe unapata. Griffith alikuwa pia na desturi ya kuwafanyisha mazoezi waigizaji kadhaa kwa nafasi moja, wakitazamana. Katika The Birth of a Nation ya 1915 (filamu iliyowadhalilisha Weusi na kulitukuza kundi la kibaguzi la Ku Klux Klan, siwezi kuitaja bila kulisema hilo) Blanche Sweet ndiye aliyetarajiwa kwenye nafasi ya Elsie Stoneman. Ikaenda kwa Lillian Gish.

Na huyo Lillian aliingiaje Biograph? Kwa mkono wa Mary Pickford. Lillian na mdogo wake Dorothy walifahamiana na Mary tangu wote walipokuwa watoto wa jukwaani, wakaenda kumtafuta studio mwaka 1912, naye akawatambulisha kwa Griffith. Lillian alisimulia kwamba siku hiyo Griffith aliwafunga utepe wa nywele wa rangi mbili, mmoja mwekundu na mwingine wa buluu, ili awatofautishe, akawa anawaita kwa rangi. Mimi kila nikisikia mtu anasema wanawake hawapendani kwenye sanaa, namkumbuka Mary amesimama pale akiwaingiza mlangoni watu ambao kesho yake wangeweza kuchukua nafasi zake.

Kwa hiyo hatua yako ya kwanza ni kukaa na prodyuza na muongozaji, kabla ya kukaa na mastaa. Wakubaliane kwamba majaribio ya nafasi yatafanyika kila mtu na saa yake, na hakuna atakayeitwa kumtazama mwenzake. Nafasi isitolewe kwa sababu fulani amekataa sini ya kitandani au ya kuvaa khanga moja. Akikataa, badilisheni sini au tafuteni mtu mwingine kwa sini hiyo, yaishe. Na anayenyimwa nafasi aliyoahidiwa aambiwe na muongozaji mwenyewe, uso kwa uso, kabla hajalisikia kwa mpambaji. Habari ikishapita kwenye chumba cha meki-apu, inatoka na kucha.

Majina, pesa, gari

Mwaka 1939 studio ya MGM walipiga The Women, muongozaji George Cukor, filamu yenye wahusika zaidi ya 130 na wote wanawake. Juu kabisa walikuwepo Norma Shearer na Joan Crawford. Hawa walikuwa na historia. Mwaka 1925, katika Lady of the Night, Shearer aliigiza wanawake wawili tofauti, na palipohitajika wote wawili waonekane pamoja, msichana mgeni wa studio aliwekwa mbele ya kamera akiwa ameficha uso. Msichana huyo alikuwa Crawford. Miaka miwili baadaye Shearer akaolewa na Irving Thalberg, mkuu wa uzalishaji wa studio hiyohiyo. Fikiria kuazimisha mgongo wako kwa mtu, halafu mtu huyo anakuwa mke wa bosi anayegawa skripti.

Lakini kwenye The Women aliyeleta kazi ni wa tatu, Rosalind Russell. Majina ya Shearer na Crawford yalikuwa juu ya jina la filamu, lake halikuwepo. Russell akajitangaza mgonjwa. Akabaki nyumbani, na siku ya seti ya MGM haikuwa ya bei rahisi, mpaka jina lake nalo likapandishwa. Simlaumu hata kidogo. Alikuwa anadai kitu kilichopaswa kuandikwa kwenye karatasi kabla kamera haijatolewa kwenye begi.

Sisi huku mikataba mingi inataja pesa na tarehe tu. Yako iongeze mambo haya kwa maandishi: mpangilio wa majina kwenye filamu, kwenye bango na kwenye posti za Instagram, pamoja na ukubwa wa herufi na ukubwa wa sura. Kwenye bango, njia inayotumika sana mastaa wakilingana ni jina moja kushoto, la pili kulia lakini limepandishwa juu kidogo. Wa kushoto anasomwa wa kwanza, wa kulia anaonekana yuko juu. Kwenye filamu, mmoja atangulie mwanzo na mwingine atangulie mwisho. Waonyeshe mchoro wa bango wote wawili, siku moja, kabla hawajasaini. Neno "steringi" liondoe kabisa kwenye mazungumzo, maana kila mmoja atalichukua nyumbani kwake kama lake.

Pesa sitakuambia walipwe sawa, hilo ni la prodyuza na soko. Nitakuambia kwamba siri ya malipo haikai. Dereva anajua, mhasibu ana shemeji. Kama kuna tofauti, mwenye kidogo aambiwe ipo na sababu yake, na akubali au akatae akiwa na akili yake timamu.

Gari nalo ni mshahara. Nimeona seti ikichafuka asubuhi kwa sababu mmoja kafuatwa na Alphard na mwenzake kaambiwa achukue boda, atarudishiwa. Kama bajeti ina gari moja, liwachukue wote, na anayekaa mbali zaidi ndiye aanze kuchukuliwa. Foleni ya Mwenge haijali staa. Chakula kiwe kimoja kwa wote: ukimletea mmoja chipsi kuku kwenye boksi wakati wengine wanakula wali maharage, umeshatangaza cheo.

Muda wa kufika upangwe na wewe, kwa maandishi, na sababu yake iwe kazi: mwenye msuko mrefu au mavazi mengi aanze. Inasimuliwa kwamba Shearer na Crawford, siku ya kupiga picha za matangazo, walizunguka na magari yao nje ya studio kila mmoja akingoja mwenzake aingie kwanza, mpaka mtu akatoka kwenda kuwasimamisha. Dawa ya mchezo huo ni vioo viwili na wapambaji wawili. Kukiwa na kioo kimoja, anayesubiri ndiye mdogo.

Sofa

Hapa ndipo nataka ukae nami kidogo, kwa sababu mivutano mingi ya seti haisikiki. Inafanyika kwa sentimita.

Bette Davis na Miriam Hopkins waliigiza pamoja kwenye The Old Maid, Warner Bros., 1939. Hopkins ndiye aliyeigiza tamthilia ya Jezebel jukwaani Broadway mwaka 1933, na filamu ya tamthilia hiyo ilipotoka mwaka 1938 ikampa Davis tuzo ya Oscar. Kidonda kilikuwa kibichi. Davis aliandika baadaye kwamba Hopkins alizijua hila zote, na kwamba katika sini moja ya wao wawili kwenye sofa, juhudi za Hopkins kumfunika mbele ya kamera nusura ziliangushe lile sofa.

Hila yenyewe iko hivi. Watu wawili wamekaa sofa moja, kamera inawatazama wote sawasawa. Mmoja akianza kurudi nyuma polepole, akijiegemeza, akizama kwenye mto, mwenzake anayetaka kumtazama usoni analazimika kugeuza kichwa. Baada ya mistari minne kamera inaona uso mzima wa aliyerudi nyuma, na sikio la aliyebaki mbele. Hakuna aliyetukanwa. Muongozaji anatazama hisia, haoni. Anayeona ni wewe na wa kontiniuti.

Nimeliona kwenye masofa ya nyumba za kukodi Mikocheni, yale makubwa ya ngozi bandia yanayomeza mtu. Njia yangu ni hii. Toa mito yote ya nyuma, weka ubao chini ya godoro la sofa ili kikao kiwe kigumu, kisha waambie wote wakae nusu ya mbele, kwamba picha inapendeza hivyo. Ni kweli inapendeza. Wakisimama, weka alama za utepe sakafuni, rangi tofauti kwa kila mmoja, na mwambie mpiga picha akuite mtu akitoka kwenye alama yake. Asiite jina. Aseme "alama ya njano." Ukirudia teki kwa sababu ya alama, hujamshtaki mtu. Na mtu asiyeshtakiwa hana cha kujitetea.

Picha za karibu zina sheria zake. Kila sini ya wawili, kila mmoja apate picha yake ya karibu na idadi ileile ya teki za kuanzia. Leo anaanza huyu, sini inayofuata anaanza mwenzake, maana anayepigwa wa mwisho amechoka na jua limeshahama. Asiyepigwa abaki kando ya kamera ampe mwenzake mistari kwa nguvu zilezile, na mikono yake iwe mitupu. Hili la mikono lina kisa chake. Kwenye The Women, wakati Shearer anapigwa picha yake, Crawford alitakiwa kumpa mistari kutoka nje ya fremu. Inasimuliwa alikaa pale akifuma kwa sindano kubwa, zikigongana tik tik tik, bila kuinua macho. Shearer akashindwa kuigiza, na Cukor akamtoa Crawford kwenye seti. Siku hizi sindano hazipo, ipo simu. Mwenzio analia machozi ya kweli na wewe unapitia Insta: ni kitu kilekile. Nina kikapu cha ukindu mlangoni, simu zote zinaingia humo, kuanzia yangu na ya muongozaji.

Taa ina upendeleo

Mkanda wa filamu waliotumia Hollywood mpaka katikati ya miaka ya 1920 haukuona rangi nyekundu sawasawa. Mdomo mwekundu ulitoka mweusi, macho ya buluu yalitoka yamepauka. Kwa hiyo kabla ya chuki yoyote, malighafi yenyewe ilikuwa imeshachagua nani mzuri. Kwetu kamera zimebadilika lakini jambo hili halijaisha, na linaumiza zaidi. Ukiwaweka mweupe na mweusi kwenye fremu moja, mpiga picha mvivu hupima mwanga kwa mweupe. Yule mweusi anapotea kwenye pazia, macho na meno tu. Akiona kwenye monita atafikiri mwenzake amehonga watu wa taa, na sioni kwa nini asifikiri hivyo.

Pima kwa mwenye ngozi nyeusi kwanza. Mpe mwanga mpana, laini, ulioruka kwenye ubao mweupe, uteleze shavuni. Kisha punguza mwanga kwa mwenzake kwa wavu au kitambaa. Huyo mweusi usimvalishe nyeupe tupu wala usimsimamishe mbele ya ukuta mweupe. Fanya jaribio hili siku moja kabla, na hapohapo muulize kila mmoja anapenda upande gani wa uso. Usiwacheke. Claudette Colbert alitaka upande wa kushoto tu, na seti zilijengwa kwa kufuata hilo. Wote wakitaka upande mmoja, mpangie mmoja aanze amekaa na mwingine amesimama, wapishane katikati ya sini.

Prodyuza akitaka kiki

Sasa jambo gumu, kwa sababu utapingana na anayekulipa. Filamu ikikaribia kutoka, atakuja mtu na wazo: waacheni wagombane kidogo, tuvujishe, timu zao zitupiane maneno, kava itauza yenyewe.

Wazo hilo lina zaidi ya miaka 100. Pola Negri alitoka Ulaya akaingia Paramount mwaka 1922, na pale alikuwepo Gloria Swanson, malkia wa studio. Magazeti yakajaa habari za vita vyao: nani ana chumba kikubwa, nani amewafungulia paka studio nzima kwa sababu mwenzake anawaogopa. Habari nyingi zilichochewa na watu wa matangazo wa kampuni yao wenyewe. Mwaka 1923 Swanson alianza kupigia filamu zake studio ya Astoria, New York, mbali kabisa na pale. Tiketi ziliuzwa, lakini mpaka leo ukitaja jina la Negri wengi wanakumbuka paka kabla ya kukumbuka filamu.

Utaambiwa mbona vikundi vya taarab vya TOT na Muungano vilijaza kumbi kwa mipasho miaka ya 1990, Khadija Kopa huku na Nasma Khamis kule, na Dar nzima ikachagua upande. Kweli, na ilikuwa sanaa tamu. Lakini kila mmoja alikuwa na bendi yake, jukwaa lake, na wimbo ulikuwa ndio silaha. Mastaa wako wana seti moja na sini zisizokwisha za kupigwa pamoja. Mtu aliyeamka na matusi ya mashabiki elfu kwenye simu hawezi saa tatu asubuhi kuigiza dada anayemfariji mdogo wake.

Andikeni kwenye mkataba: hakuna kwenda laivu kutoka lokesheni, msemaji ni mmoja, na picha ya kwanza kutoka kwenye seti itakuwa ya wote wawili, waichague wenyewe. Mwandishi akija na swali la bifu, ajibiwe kwa habari ya filamu. Prodyuza akilazimisha kiki, aende akawaulize wao kwanza. Wakikubali wote, wapange wenyewe maneno na mwisho wake. Akikataa hata mmoja, hakuna kiki.

Ikishawaka

Ikiwaka hata baada ya yote hayo, usiitishe kikao. Kikao mbele ya watu wa taa kinamlazimu kila mmoja ashinde. Tangaza mapumziko ya chai, mfuate mmoja, kisha mwingine, uwasikilize bila kubeba maneno ya huyu kumpelekea yule. Tafuta kitu kilichogawanywa vibaya, kwa kawaida kipo, nacho mara nyingi ni kidogo: kiti, kioo, mstari uliofutwa kwenye skripti usiku bila kumwambia mwenyewe. Kirekebishe siku hiyohiyo. Kama kuna mama mtu mzima kwenye waigizaji, anayeheshimiwa na wote, mwombe akae nao wakati wa chakula. Asiwahubirie, akae tu.

Na chunga sana sini ya kupigana. Davis na Hopkins walirudi pamoja kwenye Old Acquaintance ya 1943, ambamo mhusika wa Davis anamshika wa Hopkins mabegani na kumtikisa. Inasimuliwa kwamba wakati ulipofika Hopkins alilegea mwili mzima, kichwa kikining'inia, ili mtikiso usionekane kitu. Usisubiri hasira ya kweli ikufanyie kazi, hata muongozaji akisema "waache, itatoka halisi." Kofi lipangwe kama ngoma: nani anahesabu, mkono unapita wapi, kamera iko bega gani ili mkono usiguse uso, sauti itawekwa baadaye. Wafanye polepole mara kadhaa wakiwa na nguo zao za kawaida. Funga seti, abaki mpiga picha, sauti, kontiniuti na wewe.

Iweke sini hiyo mwisho wa siku, ili wasilazimike kukaa tena pamoja kwenye kochi la kusubiria. Wape maji, mpambaji afute jasho la wote, muongozaji awashukuru wakiwa wamesimama pamoja. Posho ya siku walipwe hapo, kwenye bahasha zilizofungwa, kwa wakati mmoja, kabla hawajapanda gari.